Kibao cha Nyuzi Wima kutokana na Mbao Kuukuu na Mbao Zenye Maua: Dalili za Ubovu na Vyanzo Vyake

Kibao cha kukatia cha nyuzi wima ni kile ambacho vichwa vya mbao, yaani pale msumeno ulipokata mti kwa upana wake, ndivyo vinavyotazama juu na kupokea kisu. Nyuzi zake zimesimama kama chelewa za ufagio ulioelekezwa juu, hivyo makali ya kisu huzama kati yake na nyuzi hujifunga tena kisu kinapoondoka. Hii ndiyo sababu kibao cha namna hii hudumu miaka mingi bila kuchimbika na kisu hakipotezi makali upesi. Hii pia ndiyo sababu ya matatizo yake mengi, kwa kuwa nyuzi zilizosimama ni mirija iliyo wazi, na mirija iliyo wazi hunywa maji, mafuta na gundi bila kiasi. Na ninaposema mbao zenye maua, nakusudia zile zenye mawimbi na michirizi ya asili inayopendeza macho.

Kazi yenyewe ina hatua mbili za gundi. Kwanza fundi hupasua fito, huzipiga randa na kuziunganisha ubavu kwa ubavu zikawa bamba moja. Kisha bamba hulainishwa pande zote mbili, hukatwa kwa upana kuwa mikanda ya sentimita 4 hivi, kila mkanda hulazwa ubavu ili kichwa kitazame juu, na mikanda hiyo huunganishwa tena kwa gundi ikawa kibao. Inafaa kuikumbuka safari hii ya fito, bamba, mkanda na kibao, kwa sababu ubovu hauonekani pale ulipozaliwa. Pengo linaloonekana kwenye kibao mara nyingi lilitengenezwa bamba lilipokuwa linapigwa randa, na ufa unaojitokeza jikoni kwa mteja ulikuwa tayari umepangwa siku mbao zilipochaguliwa.

Kibao kinanuka, au gundi inashika kila mahali isipokuwa sehemu fulani

Dalili hii ni ya mbao kuukuu karibu peke yake, na chanzo chake ni kile mbao ilichokunywa katika maisha yake ya kwanza. Mbao za paa na za kiunzi cha zege katika miji yetu mara nyingi zimepakwa oili chafu ya injini ili mchwa wasizile au zege lisizigande. Oili hiyo huingia ndani milimita kadhaa, na kwenye kichwa cha ubao huingia zaidi. Fundi anaporanda uso na kuona rangi safi ya mti, hudhani amemaliza kazi, lakini kwenye kichwa bado kuna doa la kahawia iliyoiva, na gundi haitashika pale hata ikibanwa usiku kucha. Kipimo ni rahisi: kata sentimita 5 kutoka mwisho wa ubao, pasha kipande hicho juani au karibu na jiko, kisha kinuse. Joto hutoa harufu iliyojificha. Kikinuka injini, lami au dawa, ubao huo ukatengenezewe benchi ya nje.

Kuna mbao ambazo hazistahili hata kipimo hicho. Mataruma ya reli ya mbao yalikuwa yakipakwa kreosoti, ambayo ni sumu isiyotoka kwa kuranda. Nguzo za umeme na za uzio zenye rangi ya kijani hafifu zimeshindiliwa dawa ya shaba, kromu na aseniki hadi ndani, na hata vumbi lake ni hatari kwa fundi. Mabaki yake yasipikiwe wala kuchomwa popote karibu na watu. Milango na madirisha ya nyumba za zamani yanaweza kuwa na rangi yenye risasi chini ya rangi mpya, na mwenye kuipiga msasa huivuta pumzi kabla haijamfikia mlaji. Palati za mizigo zina muhuri: herufi HT zinaonyesha kuwa mbao ilitibiwa kwa joto, na herufi MB zinaonyesha kuwa ilifukizwa kwa methili bromaidi, na hiyo ya pili iachwe. Hata palati ya HT haina budi kuchunguzwa, kwa kuwa muhuri unaeleza ilivyotibiwa tu, hauelezi kilichomwagikia baadaye bandarini.

Mbao za majahazi na mashua zinahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndizo zinazotamaniwa kuliko zote. Katika Lamu na Zanzibar mbao za vyombo vilivyochakaa hugeuzwa fremu za vioo, viti na meza, na rangi zake zilizopauka hupendwa na wageni. Kwa kibao cha chakula hali ni tofauti. Ubao wa chini ya maji umepakwa deheni au shahamu, yaani mafuta mazito ya kupaka vyombo, au rangi za kuzuia viumbe wa baharini, ambazo nyingi zina shaba. Ubao wa juu umepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, mwaka baada ya mwaka, na harufu ya sifa kila aliyepanda jahazi anaijua. Juu ya hayo kuna chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na pwani kiwango hicho hupitwa mara kwa mara, hivyo kibao chenye chumvi hutoa jasho wakati wa masika hata kama hakijaguswa na maji. Rai yangu ni kwamba ubao wa ganda la chombo usitumike kabisa kwa chakula. Kinachoweza kufaa ni vipande vinene vya ndani, vya juu ya mstari wa maji, visivyopakwa kitu, baada ya kuondolewa sentimita moja kila upande na zaidi kwenye vichwa na kuzunguka kila tundu la msumari.

Kipima unyevu kinaonyesha namba kubwa, ilhali ubao umekaa ndani miaka

Kipima unyevu cha sindano mbili hupima jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme vizuri. Kwa hiyo ubao wa jahazi, au ubao uliopakwa dawa ya maji ya kuzuia wadudu, unaweza kuonyesha asilimia 25 huku ukiwa mkavu. Hapo mizani ya jikoni ni ya kuaminika kuliko kifaa. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, kipime uzito, kikaushe katika tanuri ya nyuzi joto 103 hadi uzito usibadilike tena, kisha toa uzito mkavu kutoka kwa ule wa kwanza na ugawe jibu kwa uzito mkavu. Kipande kilichokuwa gramu 250 kikabaki gramu 217 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15, ambao ni wa kawaida kwa ubao uliokaa Dar es Salaam au Mombasa. Asiye na tanuri apime ubao mzima kila baada ya siku chache. Uzito ukitulia, ubao umekubaliana na hewa ya karakana.

Maua ya mbao yamepotea

Fundi amepata ubao wa mninga au mkangazi wenye mawimbi yanayocheza ukiuinamisha kwenye mwanga, ameulipia zaidi, ameufanyia kazi siku nzima, na kibao kilipomalizika hakuna wimbi hata moja. Hakuna kilichoharibika hapo isipokuwa matarajio. Mawimbi na michirizi hutokana na nyuzi kupindapinda kuelekea juu na chini ya uso wa ubao, na jicho huviona pale tu uso unapokata nyuzi hizo kwa urefu wake. Ukizisimamisha nyuzi na kuzitazama kwa vichwa, mpindo wote umefichwa ndani ya unene wa kibao. Kinachobaki kuonekana ni pete za ukuaji, tofauti ya rangi kati ya kiini na sehemu nyeupe ya nje, na matundu ya mti.

Kabla ya kupasua ubao wa bei kubwa, kata kichwa chake kwa msumeno mkali, kirande kwa randa ndogo, kilowanishe kwa kitambaa chenye maji, na utazame. Hiyo ndiyo sura ya kibao utakachokipata. Mara nyingi utaona kwamba ubao wa kawaida wa msaji, wenye pete zilizojipanga na weupe wa pembeni, unatoa kibao kizuri kuliko ubao wa mawimbi, na ule wa mawimbi unafaa zaidi kuwa sinia ya kuandalia matunda au mikate, nyuzi zikiwa zimelala. Panda ya mti, ambako tawi linaachana na shina, ina maua mazuri mno ikipasuliwa kwa urefu. Ikikatwa kwa upana hutoa mioyo miwili na nyufa kati yake. Ama mbao zenye mistari myeusi ya ukungu, ambazo watu wa mapambo huzisaka, zimeanza kuoza, na nyuzi zake hazina nguvu ya kuhimili kisu wala kuzuia maji.

Yako madhara mengine ya mbao zenye maua ambayo mafundi huyahusisha na gundi bure, nayo yanafuata.

Mapengo na mistari myeusi kati ya mikanda

Wengi wanaoona mapengo baada ya gundi ya pili huenda moja kwa moja kukagua msumeno, wakidhani mikato haikuwa ya digrii 90. Fikiri tena mkanda ulivyogeuzwa. Nyuso zilizokatwa na msumeno sasa ndizo juu na chini ya kibao. Nyuso zinazogusana ni zile zilizokuwa juu na chini ya bamba. Msumeno ulioinama kidogo utatoa ngazi ndogondogo juu ya kibao, ambazo zitaondoka wakati wa kusawazisha. Hauwezi kutoa pengo. Pengo hutokana na bamba ambalo halikurandwa sawasawa, au lililorandwa sawa kisha likaachwa siku mbili sakafuni likapinda kabla ya kukatwa.

Hapa ndipo mbao zenye maua zinapoingia. Nyuzi zinazopindapinda, na zile za mvule na mkangazi zinazosokotana kwa tabaka, hung'oka mashine ya randa inapozipita kinyume, na kuacha vishimo vya kina cha nusu milimita juu ya bamba. Kwenye meza vishimo hivyo vingezibwa vikasahaulika. Kwenye kibao cha nyuzi wima, kila kishimo kinakuwa tundu jeusi kando ya mstari wa gundi, na hakuna klampu itakayokifunga. Tiba iko kwenye hatua ya bamba: nyembe za randa zinolewe upya, kila mpito uondoe chini ya nusu milimita, uso ulowanishwe kidogo kwa kitambaa kabla ya mpito wa mwisho, na pale ambapo bado panang'oka pamaliziwe kwa kibati cha kukwaruza au msasa ulioshikwa kwenye gogo lililonyooka. Usipige msasa kwa mkono mtupu, kwa sababu kingo zitazama na pengo litahamia pembeni.

Kwa mvule kuna jambo la ziada. Mti huu hujikusanyia ndani mawe magumu ya chokaa, na nyembe ikigonga jiwe hupata jino linaloacha mstari ulioinuka kwenye kila ubao unaofuata. Mstari huo, hata ukiwa mwembamba kama unywele, huzuia nyuso mbili zisikutane. Pitisha ukucha juu ya bamba kwa upana. Kama unakwama, mikanda haitafungana.

Kibao kimetoka kipana upande mmoja

Bamba lilikuwa nene zaidi kwenye ukingo mmoja. Tofauti ya nusu milimita haionekani kwa jicho, lakini mikanda 12 ikipangwa yote kwa mwelekeo uleule, tofauti hujumlishwa hadi milimita 6. Geuza mkanda mmoja baada ya mwingine, kichwa kwa mkia, na hitilafu itajifuta yenyewe. Kama mchoro uliokusudiwa haukubali kugeuzwa, bamba lirandwe upya kabla halijakatwa.

Gundi inaachia

Angalia kwanza sura ya kiungo kilichoachia, kwani kinaeleza karibu kila kitu. Ukiona nyuzi za mti zimeng'oka na kubaki upande wa pili, gundi ilifanya kazi na mti ndio ulioshindwa. Tafuta sababu katika sehemu ya nyufa hapa chini. Ukiona gundi imebaki kama ngozi laini upande mmoja, na upande wa pili ni safi, gundi haikuingia. Ukiona pande zote mbili zina gundi inayong'aa, gundi ilikauka kabla ya kubanwa. Na ukiona karibu hakuna gundi, iliwekwa kidogo au ilikamuliwa yote.

Gundi isiyoingia ina vyanzo vitatu vinavyojulikana. Cha kwanza ni mafuta ya mti wenyewe: msaji una mafuta yanayopanda usoni saa chache baada ya kurandwa, kwa hiyo urandwe na kugundishwa ndani ya saa ileile, na ikibidi upanguswe kwa asetoni muda mfupi kabla ya gundi. Cha pili ni nyembe butu, ambayo husugua uso badala ya kuukata na kuuacha uking'aa. Dondosha tone la maji: likisambaa na kunyweka, uso uko tayari, likisimama kama shanga, uso haujakubali gundi. Cha tatu ni uzee wa uso. Ubao kuukuu uliopasuliwa mwezi uliopita una uso uliopoa, na hauna budi kukatwa upya hata kama unaonekana safi.

Gundi iliyokauka mapema ndiyo kero kuu ya mafundi wa pwani. Gundi nyeupe ya mbao hutoa muda wa dakika 5 hadi 10 tangu kupakwa, na katika karakana ya mabati saa sita mchana Januari muda huo hupungua zaidi. Kibao chenye mikanda 12 hakiwezi kupakwa, kupangwa na kubanwa na mtu mmoja ndani ya muda huo. Ama kazi hiyo ifanywe alfajiri, ama kibao kiunganishwe kwa mafungu mawili ambayo yataunganishwa siku inayofuata. Binafsi napendelea njia ya pili, kwa kuwa mafungu mawili hurandwa kwa urahisi kwenye kiungo cha kati.

Aina ya gundi nayo izingatiwe. Kiwango cha Ulaya EN 204 hupanga gundi za mbao kuanzia D1 hadi D4 kwa uwezo wa kuvumilia maji, na kwa kibao kinachooshwa kila siku isitumike gundi ya chini ya D3. Ndoo za gundi nyeupe zinazouzwa bila maandishi ya daraja zinafaa kwa kabati. Baada ya kubanwa, kibao kikae angalau saa 24 bila kuguswa.

Mstari wa gundi umezama siku kadhaa baada ya kumaliza

Gundi nyeupe ina maji, na maji hayo huvimbisha mti kandokando ya kiungo. Anayesawazisha kibao asubuhi iliyofuata huondoa uvimbe huo; mti ukikauka, pale palipovimba panabonyea. Kibao kisimamishwe hewani siku tatu au nne, pande zote zikipata upepo sawa, kisha ndipo kisawazishwe.

Dalili inayofanana nayo, lakini yenye chanzo kingine, ni vipande vya mti mmoja kutokeza juu ya vipande vya mti mwingine. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mwembe ni mwepesi. Msasa huula mwembe na kuuacha mpingo umesimama. Tumia randa au gogo gumu chini ya msasa. Unyevu ukibadilika, miti hiyo miwili itavimba kwa viwango tofauti na ngazi itarudi, hivyo mpingo utumike kama mstari mwembamba wa pambo na usiwe nusu ya kibao.

Nyufa

Ufa ni dalili moja yenye vyanzo vingi, na mahali ulipo ndipo penye jibu.

Ufa unaoanzia ukingoni na kuingia ndani kwa kufuata mstari wa gundi ni tatizo la gundi. Ufa unaopita katikati ya kipande kimoja, ukitoka kwenye nukta ndogo kama miali, ni moyo wa mti ulioachwa ndani. Kila fito yenye moyo itupwe mapema, kwa kuwa haitatulia kamwe. Ufa mrefu unaokata vipande kadhaa bila kujali gundi unamaanisha kwamba kibao kizima kilitaka kusinyaa na kitu kikakizuia.

Kizuizi hicho huwa ni fremu mara nyingi kuliko jambo lingine lolote. Fundi anaona kibao cha nyuzi wima kinaonekana wazi pembeni, naye anakizungushia fito nne za mbao zilizolala, zenye maua aliyoshindwa kuyaonyesha juu, na kazi inapendeza sana dukani. Lakini mti husinyaa na kuvimba kwa upana wake, na kwa urefu karibu hausogei. Kibao cha nyuzi wima husogea kwa urefu na kwa upana pia, kwa sababu pande zote mbili ni upana wa mti. Fremu inayokizunguka haisogei. Kibao cha msaji chenye upana wa sentimita 40, kilichotengenezwa pwani kwa unyevu wa asilimia 15 kisha kikahamia mahali ambako kitashuka hadi 8, kinaweza kusinyaa milimita 4 hadi 5 kama pete zake zimelala kwa upana huo. Fremu ikibaki vilevile, ama kona zitaachia, ama kibao kitapasuka katikati. Hakuna gundi inayotibu jambo hili. Fremu iondolewe.

Wasafiri wanaonunua vibao Zanzibar au Lamu na kuvipeleka Ulaya huvipeleka katika safari hiyohiyo ya unyevu, maana nyumba yenye kipasha joto wakati wa baridi hukausha mti hadi asilimia 6 au 8. Fundi anayejua kibao kinasafiri na atumie mbao zilizokaushwa zaidi ya ilivyo desturi ya pwani, akijaze mafuta hadi kikatae, na amweleze mnunuzi asikiweke karibu na jiko wala kipasha joto. Hata ndani ya nchi moja tofauti ipo: ubao uliotulia Tanga hautatulia hivyohivyo Dodoma wakati wa kiangazi.

Chanzo kingine cha nyufa ni kuchanganya mbao za unyevu tofauti, jambo rahisi kutokea kwa mwenye kuokota vipande: huyu alikuwa mlango wa ndani, huyu boriti ya kibanda cha nje, na yule mwembe ulioanguka mwaka jana. Zikatwe fito, zipangwe kwa vijiti vya kuachanisha chini ya paa moja, na zikae pamoja hadi uzito wa kila moja utulie. Boriti nene haikauki ndani kwa kasi ya nje, hivyo ipasuliwe kwanza ndipo ianze kuhesabiwa siku za kukauka.

Mwisho kuna mpangilio wa pete. Mti husinyaa kwa kufuata pete takriban mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyoni. Kipande chenye pete zilizolala kikigundishwa na jirani mwenye pete zilizosimama, wawili hao watavutana kila msimu. Panga mikanda mezani bila gundi, tazama vichwa, na uwape majirani pete zinazoelekea upande mmoja kadiri mchoro unavyoruhusu.

Kibao kinatikisika mezani

Kama kilikuwa sawa kilipotoka karakana, chanzo ni maji au mafuta ya upande mmoja. Mpishi hukiosha juu na kukilaza kikiwa kimelowa. Chini hakupati hewa, upande mmoja huvimba na kibao hujikunja. Kipake mafuta kiasi kilekile pande zote, kiwekee miguu ya mpira ili hewa ipite chini, na unene usipungue sentimita 3. Kilichokwisha kujikunja kilazwe upande wa mbonyeo ukitazama chini juu ya kitambaa chenye unyevu, kikaguliwe kila baada ya saa chache, na kisimamishwe kikauke mara kinaponyooka. Mara nyingi hurudi. Kisiporudi, kisawazishwe upya.

Ukingo umemeguka wakati wa kusawazisha

Mashine ya randa haikutengenezwa kwa ajili ya vichwa vya mbao. Nyembe inapofika ukingo wa nyuma hakuna nyuzi za kuegemea, na kipande kizima hung'oka. Kibao kidogo kinaweza kurushwa nje ya mashine kwa nguvu ya kuumiza mtu. Katika karakana za kukodi mashine, kama zile za Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, mwenye mashine akikataa kupitisha kibao chako ana haki. Njia salama ni rauta, yaani mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka, inayotembea juu ya reli mbili zilizosawazishwa, ikiondoa milimita moja kila mpito. Anayetumia randa ya mkono akate kwanza mshazari kwenye kingo zote nne na arande kutoka ukingoni kuelekea katikati.

Msasa unaofuata uanze na namba 80, na usiondoke hapo hadi kila alama ya rauta iishe. Alama za duara zinazoonekana mafuta yanapopakwa zilibaki kwenye namba 80 na haziwezi kuondolewa na namba 180. Lowanisha kibao kati ya hatua. Maji hufichua mikwaruzo kama mafuta yatakavyofanya, na huinua nyuzi ili zikatwe sasa zisije zikainuka kwa mteja. Ukiona wekundu wa mninga umesambaa kwenye vipande vyeupe, huo ni unga wa msasa ulioingia kwenye matundu: ukwangue na kuupuliza mkavu, usiupanguse kwa kitambaa cha maji. Barakoa ivaliwe wakati wote, hasa kwa mvule na mninga, ambazo vumbi lake huwasha pua na ngozi za watu wengi.

Madoa meusi yanayorudi

Chuma kikikutana na maji na tanini ya mti hutoa weusi wenye ubuluu. Katika mbao kuukuu maana yake ni msumari uliokatikia ndani. Pitisha sumaku kwenye kila uso kabla ya kupasua, na tena baada ya kupasua, ukijua kwamba msumari wa shaba hautajibu. Tundu la zamani lenye duara jeusi likatwe lote. Dawa za kung'arisha madoa ya chuma zipo, lakini asidi ya oksaliki ni sumu, na haina nafasi kwenye mti wa mirija iliyo wazi utakaowekewa nyama.

Kibao kinanata au kinanuka mafuta yaliyochacha

Kilipakwa mafuta ya kupikia. Mafuta ya alizeti na ya mahindi huganda nusu na kuchacha. Ya nazi hukawia zaidi, hasa yaliyosafishwa, lakini hayana kinga ya kudumu. Kinachofaa ni likwidi parafini ya duka la dawa, ileile inayouzwa kwa kulainisha choo. Nchini Kenya mafuta ya taa nayo huitwa parafini, kwa hiyo anayemtuma kijana amwandikie jina kamili kwenye karatasi na amwelekeze kwa mfamasia. Kibao kimwagiwe hadi kiache kunywa, kiachwe usiku, kipanguswe, na kurudiwa. Msishangae mafuta yakitokea upande wa chini, maana ndivyo mirija inavyofanya. Kisha kipakwe mchanganyiko wa nta ya nyuki sehemu moja na mafuta hayo sehemu nne kwa uzito, ulioyeyushwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wa wazi. Kibao kilichokwisha kunata kisuguliwe kwa chumvi na maji ya moto kiasi, kikaushwe kikiwa kimesimama, kikwanguliwe uso, ndipo kipewe mafuta mapya.

Kilichopasuka kinaweza kuokolewa

Usijaze ufa kwa gundi na unga wa msumeno. Kisu kitaung'oa, na uchafu utakaa humo. Kata kibao kizima kwa msumeno wa meza ukifuata ufa, hata kama itabidi kupoteza mkanda mmoja, randa nyuso mbili mpya, na uzigundishe upya. Kama kibao kimekwisha kunywa mafuta, panguza nyuso hizo kwa asetoni mara kadhaa hadi kitambaa kitoke kikavu na tone la maji linyweke. Upana wa kibao utapungua, na mchoro utaruka hatua moja, jambo ambalo wateja wengi hawalioni wasipoonyeshwa.